Mdomo na Pumzi: Filta na Envelopu Zinavyoumba Sauti ya Sintesaiza

Kabla hujaendelea kusoma, jaribu jambo dogo. Imba noti moja ya chini, isiyopanda wala kushuka, kwa irabu "u". Ukiwa bado unaiimba, fungua mdomo polepole mpaka ufike "a", kisha urudi "u". Uuuaaauuu. Koo halijabadilisha kitu. Linatetema kwa kasi ileile, na mpiga gitaa angeikuta noti yako palepale. Kilichobadilika ni umbo la mdomo tu, na sauti imeng'aa ikafifia kama taa inayofunikwa na kiganja.

Sasa imba noti hiyohiyo mara mbili: kwanza "ta", fupi na kavu, kisha "haaa" inayoanza na pumzi ndogo na kukua. Irabu moja, noti moja, lakini ya kwanza inagonga na ya pili inajongea.

Kazi ile ya mdomo, kwenye sintesaiza, yaani mashine au programu inayounda sauti kwa umeme, hufanywa na filta. Kazi ya pumzi hufanywa na envelopu. Wengi wanaoanza kutengeneza muziki kwa kompyuta hukwama hapa, na naamini sababu kubwa ni kwamba wanafundishwa kila kimoja peke yake: leo filta, wiki ijayo envelopu, na hakuna anayewaambia kuwa sikio halivitenganishi hata kidogo.

Mwaka jana kijana wa jirani yangu alinijia na laptopu kwapani. Anatengeneza biti za singeli na bongo fleva chumbani kwake, na ana sikio zuri. "Anko," akaniambia, "nimepakua sauti za besi zaidi ya elfu mbili, na kila ninayoiweka kwenye wimbo ama inazama ama inapiga kelele." Nikamwomba afungue ile anayoipenda kuliko zote. Kwenye kioo kulikuwa na safu mbili za nobu za kuzungusha. Nikamuuliza anazitumiaje. "Hizo sizigusi, anko. Naogopa kuharibu." Tukakaa mpaka adhana ya magharibi. Ninayoyaandika hapa ni yale tuliyoyapitia alasiri ile, pamoja na historia ambayo muda haukutosha kumsimulia.

Kuna nini ndani ya noti moja

Sintesaiza ya kawaida huanza na osileta, yaani saketi au programu inayotetema bila kuchoka. Tuseme inatetema mara 110 kwa sekunde, noti ya besi. Kama umechagua wimbi la msumeno, lililopewa jina hilo kwa sababu ukilichora linafanana na meno ya msumeno, ndani yake hamna mitetemo 110 kwa sekunde (110 Hz) peke yake. Imo pia 220, imo 330, 440, 550, na kuendelea juu mpaka sikio linapoishia, karibu na 20,000 Hz kwa kijana mwenye masikio mazima. Hizo huitwa hamoniki. Kadiri zinavyopanda ndivyo zinavyopungua nguvu kwa utaratibu: ya pili ina nusu ya kimo cha ile ya kwanza, ya tatu theluthi moja, ya kumi sehemu moja ya kumi.

Wimbi la mraba lina hamoniki za namba witiri tu: 110, 330, 550. Ndiyo maana linasikika kama lina uwazi ndani, likikaribia klarineti. Wimbi la pembetatu nalo lina za witiri, ila hufifia haraka mno. Hamoniki yake ya tatu ni sehemu moja ya tisa tu. Wimbi la sini lina mtetemo mmoja, basi.

Yafaa kuyajua haya kabla ya kugusa filta, kwa sababu filta kwa kawaida haiumbi kitu ambacho hakimo. Mchonga vinyago wa Kimakonde haongezi mpingo, anautoa. Nimeona watu wakichagua wimbi la sini, wakazungusha nobu ya filta huku na huku, na kulalamika kuwa haifanyi lolote ila kupunguza sauti. Ni kweli, haina la kufanya. Ukitaka kuchonga, anza na gogo nene: msumeno au mraba.

Filta: harusi iliyo mtaa wa pili

Filta inayotumika zaidi kuliko zote ni lopasi, ile inayopitisha masafa ya chini, yaani mitetemo ya polepole, na kuyadhoofisha ya juu. Umeshaisikia mara nyingi. Harusi ikiwa ukumbini mtaa wa pili, wewe kitandani unasikia besi na ngoma tu, dum, dum, na sauti ya mwimbaji huielewi. Kuta zimekula masafa ya juu na kuyaacha ya chini yapite. Mtu akifungua mlango wa ukumbi, matoazi na maneno yanarudi yote mara moja. Mlango ule ndio nobu iliyoandikwa katofu. Inaamua ukataji uanzie wapi.

Chujio la chai huzuia majani kabisa. Filta haifanyi hivyo. Huyaacha masafa ya juu yapite yakiwa yamedhoofika, na yanazidi kudhoofika kadiri yanavyokaa mbali na katofu. Udhoofikaji huo hupimwa kwa desibeli, kipimo cha nguvu ya sauti, kwa kila oktava, yaani kila masafa yanapoongezeka mara mbili. Filta ya desibeli 24, ikiwa katofu iko 1,000 Hz, hamoniki ya 2,000 Hz hubaki na takriban sehemu moja ya 16 ya kimo chake, na ya 4,000 Hz hubaki na sehemu moja ya 256. Filta ya desibeli 12 ni mpole zaidi: robo, kisha sehemu moja ya 16. Kwa sikio, ya 24 ni nene na laini, inafaa besi. Ya 12 huacha mng'ao kidogo juu hata ikiwa imefungwa, na nyuzi na sauti za kujaza nafasi hukaa vizuri nayo.

Filta ya desibeli 24 iliyopata sifa kuliko zote ni ya Mmarekani Robert Moog. Transista zake zimepangwa jozi juu ya jozi, na kwenye mchoro zinafanana na vipago vya ngazi. Ndiyo maana mafundi huiita filta ya ngazi. Alipewa hataza yake mwaka 1969, na mwaka uliofuata ikaingia ndani ya Minimoog, sintesaiza ndogo ya kubebeka iliyowatoa wanamuziki kwenye makabati ya waya za kuchomeka.

Zipo filta nyingine. Haipasi ni kinyume chake, hukata besi na kuacha juu. Bendipasi huacha kipande cha katikati, kama sauti ya mtu kwenye simu ya mezani, ambayo hupitisha takriban kutoka 300 hadi 3,400 Hz. Ukishaielewa lopasi, hizi hazikusumbui.

Nobu ya pili ya filta, rezonansi, ndiyo yenye mambo. Chukua chupa ya soda iliyokwisha, puliza juu ya mdomo wake. Pumzi yako ina masafa ya kila namna, lakini chupa inachagua moja na kuipaza. Rezonansi hufanya vivyo hivyo palepale kwenye katofu. Sehemu ya sauti iliyotoka kwenye filta inarudishwa ndani yake, ikatoka, ikarudishwa tena, na masafa yaliyo kwenye katofu yanajikuza. Ukiipandisha kidogo, sauti inapata pua. Ukiipandisha sana huku unazungusha katofu, utazisikia hamoniki moja moja zikiitwa kwa zamu, kama mtu anayepandisha ngazi ya filimbi. Ukiifikisha mwisho, filta nyingi huanza kupiga mluzi zenyewe hata osileta ikiwa imezimwa. Angalia pia kwamba kwenye filta ya ngazi, rezonansi ikipanda besi inapungua. Wengi hudhani spika imeharibika.

Hapa ndipo tunarudi kwenye irabu. Mdomo wa binadamu ni filta yenye vilele kadhaa vya rezonansi, na kila irabu ina mpangilio wake. Kwa mwanamume mtu mzima, "a" huwa na vilele karibu na 700 na 1,200 Hz; "i" karibu na 300 na 2,300 Hz. Sintesaiza ya kawaida ina kilele kimoja tu, kwa hiyo haiwezi kutamka irabu zetu tano sawasawa, lakini kilele hicho kikitembea sikio linasikia kitu cha karibu na "wau". Nadhani ndiyo maana sauti ya filta inayofunguka humgusa hata mtu asiyejua mashine hizi. Anasikia mdomo.

Mifano miwili itakuonyesha filta yenye rezonansi ilivyo na nguvu. Mwaka 1981 kampuni ya Roland ya Japani ilitoa TB-303, kisanduku kilichokusudiwa kumpigia besi mpiga gitaa asiye na mwenzake. Hakikufanana na gitaa la besi hata kidogo, hakikununuliwa, na kufikia 1984 walikuwa wameacha kukitengeneza. Vikauzwa mitumba kwa bei ya kutupa. Vijana wa Chicago wa kundi la Phuture wakakipata kimoja, wakapandisha rezonansi, wakazungusha katofu kwa mkono wakati mashine inarudia noti zilezile, na mwaka 1987 ukatoka wimbo wa "Acid Tracks", ulioanzisha mtindo mzima wa asidi hausi. Sikiliza tu: noti karibu hazibadiliki. Hadithi nzima inasimuliwa na filta.

Mfano wa pili kila mtengeneza biti wa huku anao: kiki ya 808, yaani mlio wa ngoma kubwa. Kwenye mashine ya Roland TR-808 ya mwaka 1980, kiki hiyo haina osileta ya kawaida ndani yake. Ni saketi ya rezonansi inayopigwa na mshtuko mfupi wa umeme na kuachwa ilie mpaka itulie, kama kengele. Ile besi nene inayotikisa vioo vya daladala ni filta iliyopigwa teke.

Envelopu: kengele iliyokatwa kichwa

Neno hili lisikupeleke kwenye bahasha ya posta. Envelopu ni mchoro wa mabadiliko: kitu kinapanda vipi, kinashuka vipi, kinakaa wapi, kinaondoka vipi, tangu kidole kinapobonyeza mpaka sauti inapokwisha.

Uzito wa jambo hili ulionekana kabla sintesaiza hazijawa na jina. Mwaka 1948, Paris, Mfaransa Pierre Schaeffer alikuwa akifanya majaribio kwenye studio za redio. Alirekodi kengele kwenye santuri, akaondoa lile pigo la mwanzo, akabakiza mlio unaofuata. Kengele ikatoweka. Kilichobaki kikawa kama ala ya kupulizwa. Hamoniki ni zilezile za kengele, lakini bila mwanzo wake sikio lilikataa kuiita kengele. Mwanzo wa sauti, ile sehemu ndogo sana ya sekunde, ndipo tunapoisomea ala jina lake.

Moog naye alifikishwa hapo na mwanamuziki. Mwaka 1964 alikuwa akishirikiana na Herbert Deutsch, mtunzi na mwalimu wa muziki, huko Trumansburg, jimbo la New York. Osileta ilikuwa inalia vizuri, lakini ilikuwa inalia tu, kama king'ora. Haikuwa na namna ya kutamka noti. Deutsch alisimulia baadaye kwamba Moog alimtuma duka la vifaa akanunue kitufe cha kengele ya mlangoni. Wakakiunganisha, na mkono mmoja ukawa unapiga noti, wa pili unabonyeza kitufe ili sauti ianze na kuisha kwa umbo. Mwaka uliofuata Vladimir Ussachevsky, aliyeongoza studio ya muziki wa umeme ya vyuo vikuu vya Columbia na Princeton, akamwandikia Moog maelezo ya envelopu anayoitaka, yenye hatua zake. Baadaye kampuni ya ARP ikazipa hatua hizo majina mepesi tunayoyatumia mpaka leo: ataki, dikei, sasteini, rilisi. Kwenye mashine utaona herufi nne tu, A, D, S, R.

Ataki ni muda wa kupanda kutoka kimya hadi kilele. Ngoma, ataki yake ni karibu na sifuri. Fidla inayoanza kwa upinde mlaini inaweza kuchukua milisekunde 200 na zaidi.

Dikei ni muda wa kushuka kutoka kileleni hadi kwenye sasteini.

Sasteini hapa ndipo watu wengi hupotea, na mimi nasisitiza mpaka wanafunzi wanachoka: sasteini si muda. Herufi tatu kati ya nne zinapima muda, hii moja inapima kiwango. Ni kimo ambacho sauti itakaa wakati kidole bado kimebonyeza. Itakaa hapo muda gani? Muda utakaoamua wewe kwa kidole chako. Ukiweka sasteini hadi mwisho, yaani sawa na kilele, dikei haina pa kushukia, na unaweza kuizungusha mpaka kesho bila kusikia tofauti. Ukiiweka sifuri, sauti itakufa hata ukiendelea kubonyeza.

Rilisi ni muda wa kuondoka baada ya kidole kuinuka.

Sasa zisikilize ala unazozijua. Zumari: mpulizaji ana pumzi, sauti inakaa juu mpaka aache. Ataki fupi, sasteini juu, rilisi fupi. Udi: ukucha ukigusa uzi sauti iko kileleni tayari, na tangu hapo ni kushuka tu, hakuna kinachoilisha. Ataki sifuri, dikei ndefu, sasteini sifuri. Kayamba: ataki ina mkwaruzo kidogo, kisha imekwisha. Mara nyingi mtu akiniambia sauti yake ya udi kwenye kinanda "ina uongo", nikitazama nakuta sasteini iko nusu. Udi haukai nusu.

Jambo dogo la kiufundi, lakini linaudhi studio nyingi: ukiweka ataki na rilisi sifuri kabisa kwenye noti ya besi, utasikia "tik" mwanzoni na mwishoni. Wimbi limekatwa likiwa katikati ya safari yake, na mkato huo wenyewe ni kelele yenye masafa mengi. Ipe ataki milisekunde 3 hadi 5, rilisi 10 hivi, na tik inaondoka. Wakati mwingine tik hiyo ndiyo unayoitaka, inafanya kazi ya ukucha. Hapo iache.

Zinapokutana

Mpaka hapa envelopu tumeiweka kwenye ukubwa wa sauti. Lakini inaweza kushika nobu yoyote, na nobu ya thamani kuliko zote kushikwa nayo ni katofu. Minimoog ilikuwa na envelopu mbili tangu mwanzo, moja ya filta, moja ya ukubwa, na sintesaiza nyingi zimefuata mpango huo. Katikati ya filta na envelopu yake kuna nobu ndogo ya kiasi, inayoamua envelopu iisukume katofu mbali kiasi gani. Ikiwa sifuri, envelopu ya filta haifanyi chochote, hata uizungushe vipi. Kijana wangu, kwenye ile besi aliyoipenda, nobu hiyo ilikuwa karibu na sifuri. Sauti ilikuwa na mwanga mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayeimba wimbo mzima kwa irabu moja.

Nikamwambia aianze upya. Wimbi la msumeno. Filta ya desibeli 24, katofu chini, kwenye 200 Hz. Akapiga noti: mvumo mzito, hauna uso. Envelopu ya ukubwa tukaiacha rahisi, ataki milisekunde 3, sasteini juu, rilisi fupi. Kisha envelopu ya filta: ataki sifuri, dikei milisekunde 250, sasteini sifuri, na nobu ya kiasi tukaipandisha mpaka nusu. Akapiga tena. Noti ileile ikafunguka ghafla na kujifunga, "daau", kama uzi uliochomolewa. Akaipunguza dikei hadi 80: ikawa kavu, ya kugonga, "dap". Akaipandisha hadi 900: ikawa inatanuka na kuzama polepole. Hakugusa noti, hakugusa ukubwa. Akapiga noti moja hiyo kwa karibu dakika tano.

Kwa nini inasikika kama kitu halisi? Kwa sababu uzi wa kweli hufanya hivyohivyo. Ukichomoa uzi wa udi au wa gitaa, hamoniki za juu hupoteza nguvu haraka kuliko za chini. Mwanzo unang'aa, mwisho una giza. Envelopu inayofunga filta inaiga jambo hilo, na sikio, ambalo limesikia nyuzi maisha yake yote, linaipokea bila kuuliza.

Tarumbeta inafundisha upande wa pili. Katika miaka ya 1960 Mfaransa Jean-Claude Risset, akifanya kazi kwenye maabara za Bell huko Marekani, alichambua sauti ya tarumbeta kwa kompyuta. Alichokikuta ni kwamba hamoniki za juu hazipo kwa kiwango kimoja; zinaingia na kuongezeka kadiri pumzi inavyokaza na sauti inavyokua, kisha zinapungua inaposhuka. Mng'ao na ukubwa vinatembea pamoja. Kwa hiyo kwenye sintesaiza tarumbeta haianzi na filta wazi. Inaanza na filta iliyofungwa, na envelopu yake ina ataki ya milisekunde 50 hadi 80, kisha inashuka kidogo na kukaa. Hapo utasikia mdomo ukikazana, "pwaa". Bendi nyingi za dansi zilizopunguza wapulizaji na kuweka kinanda badala yao zilikosea hapa: sauti ilikuwa ya tarumbeta kwa jina, lakini ilifunguka yote mara moja, na mashabiki waliozoea mstari wa matarumbeta walisikia kuwa kuna kilichokosekana hata kama hawakuweza kukitaja.

Kama bado una shaka kuwa mwendo wa mng'ao ndio kiini, iangalie Yamaha DX7 ya mwaka 1983. Haina filta. Osileta zake sita hutetemeshana, na kadiri moja inavyoitetemesha nyingine kwa nguvu ndivyo hamoniki zinavyozaliwa. Lakini kila moja ya hizo sita ina envelopu yake yenye kasi nne na viwango vinne. Wabunifu waliweza kuiacha filta. Kuuacha mwendo hawakuweza. Ile piano yake ya umeme yenye pigo la kengele mwanzoni, iliyojaa kwenye nyimbo za mapenzi za miaka ile, ni envelopu fupi inayozima mng'ao haraka na kuacha mwili laini.

Mambo mawili zaidi huikamilisha kazi. La kwanza, filta ifuate kinanda. Katofu ikikaa palepale 800 Hz, noti ya 110 Hz ina hamoniki saba chini ya mstari huo, lakini noti ya 880 Hz yote iko juu yake, kwa hiyo noti za juu zinasikika kama zimefunikwa blanketi. Kuna swichi au nobu inayoipandisha katofu pamoja na noti. Iwashe, angalau nusu. La pili, nguvu ya kidole. Ukiiruhusu iongeze kiasi cha envelopu kwenye filta, ukibonyeza kwa nguvu sauti inang'aa zaidi, ukibonyeza taratibu inajikunja. Kwa mpiga kinanda wa taarabu anayejibizana na mwimbaji, jambo hili lina thamani kuliko sauti mia zilizopangwa tayari, na nasikitika linavyosahauliwa.

Saa ya wimbo

Namba zote nilizotaja hazina maana bila kasi ya wimbo. Hili kijana aliligundua mwenyewe, na lilinifurahisha. Tulipomaliza ile besi akaiingiza kwenye biti yake ya singeli, mapigo 200 kwa dakika, na ikavurugika tena. Tukapiga hesabu kwenye karatasi. Dakika ina milisekunde 60,000. Gawa kwa 200, pigo moja linachukua 300. Besi yake ilipiga mara nne ndani ya kila pigo, kwa hiyo kila noti ilikuwa na milisekunde 75 za kuishi. Dikei yetu ya 250 ilikuwa inadai muda ambao wimbo haukuwa nao; filta haikupata nafasi ya kujifunga kabla noti nyingine haijaifungua. Kwenye wimbo wa mapigo 90, besi ikipiga mara mbili tu kwa kila pigo, dikei hiyohiyo ingekuwa na raha.

Ndiyo maana pia sauti ya kujaza nafasi yenye ataki ya milisekunde 300 husikika vizuri kwenye wimbo wa polepole na kutoweka kabisa kwenye singeli: kila ikitaka kufika kileleni, noti imeshapita.

Akaishusha dikei ya filta hadi 60, rilisi ya ukubwa hadi 15. Akapandisha kiasi kidogo ili mfumbuko mfupi usikike, na rezonansi kwa robo. Kiki ikatokea katikati ya besi, mahali ambapo ilikuwepo siku zote ila imefunikwa. Aliicheza biti mara tatu bila kusema neno. Kisha akabonyeza sehemu ya kuhifadhi, na pale programu ilipouliza sauti hii iitweje, akaandika jina lake.